Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 10: Shimo Likititia, Tumuulize Nani?



Alhamdulillah, leo tunamaliza kumi la kwanza. Natumai huko uliko saumu inakwenda vizuri. Hapa Kharumwa jua halijatuonea huruma wiki hii, lakini futari inapatikana na msikiti unajaa, tunamshukuru Mola.

Posti ya leo ni ndefu kuliko zilizotangulia. Ukibanwa na kazi, soma nusu sasa na nusu baada ya tarawehe. Ila usiiache njiani, maana inabeba swali ambalo karibu kila nyumba ya ukanda wetu huu wa dhahabu imewahi kuliuliza, kwa sauti au kimoyomoyo.

*Ujumbe wa usiku wa siku ya 7*

Dada mmoja aliniandikia usiku, watu wakiwa wamelala. Ameniruhusu nitumie maneno yake, na nimeondoa yote yanayoweza kumtambulisha. Aliandika hivi:

"Ustadh, mdogo wangu alifukiwa kwenye duara msimu wa mvua uliopita. Alikuwa haachi swala. Chini walikuwa kadhaa, wengine hata Ijumaa hawaonekani msikitini, na wametoka wazima. Yeye akabaki. Mwenye duara kaleta mchele na sanda, akasema ni mipango ya Mungu, tuwe na subira. Mjomba wetu kaenda kwa mganga, kaambiwa aliyefanya ni bibi mmoja hapa jirani. Sasa nyumbani watu wanaongea mambo usiku. Mimi sijui nimuulize nani. Kwa nini Mungu alimwacha mdogo wangu?"

Soma tena huo ujumbe taratibu. Utaona ndani yake mna maswali matatu, si moja. La kwanza anaulizwa Mungu: kwa nini umeruhusu? La pili linatafuta mtu wa kulaumu: nani kafanya? La tatu halijaulizwa wazi, limejificha nyuma ya gunia la mchele: nani alitakiwa kufanya kitu, na hakukifanya?

Haya matatu tukiyachanganya, mtu asiye na kosa anaweza kufa. Na mwenye kosa anaweza kulala usingizi mzuri. Ndiyo maana leo tutayatenganisha.

*Je, kuuliza ni dhambi?*

Kuna ndugu atasema, "Ustadh, funga mlango huo, Mungu haulizwi." Nakubali kwamba hakuna wa kumsimamisha Mwenyezi Mungu kizimbani. Aya ya 23 ya Suratul-Anbiyaa inatufundisha hivyo, na naomba ukumbuke inavyoisha: inasema wanaoulizwa ni sisi. Tutairudia mwishoni.

Lakini kuuliza kwa kutaka kuelewa si uasi. Katika Suratul-Baqara, aya ya 30, malaika walipoambiwa kwamba ardhini atawekwa khalifa, waliuliza: utaweka humo atakayefanya ufisadi na kumwaga damu? Hilo, ndugu yangu, ndilo swali la maovu, na liliulizwa kabla binadamu wa kwanza hajakanyaga ardhi. Malaika hawakufukuzwa kwa kuuliza. Waliambiwa kwamba Mola anajua wasiyoyajua. Na Nabii Ibrahim (a.s.) aliomba aonyeshwe wafu wanavyohuishwa ili moyo wake utulie, naye akaonyeshwa. Kwa hiyo dada yangu, futa machozi ya hofu. Yabaki ya huzuni tu. Hujakufuru.

*Swali lenyewe linavyowekwa*

Wanafalsafa wamelipanga swali hili kama mawe matatu ya kuinjika sufuria. Jiwe la kwanza: Mungu ni muweza wa kila kitu. La pili: Mungu ni mwema na mwenye huruma. La tatu: maovu na mateso yapo. Wapo wanaodai kwamba mawe haya hayakai pamoja, ukitaka mawili lazima utoe moja. Hoja hiyo inahusishwa na Epicurus wa Ugiriki, aliyeishi zaidi ya miaka 200 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Mwaka 1955 mwanafalsafa J. L. Mackie aliiandika upya kwa ukali. Kwa hiyo usidhani kijana wa chuo anayekuuliza habari hizi ameziokota kwenye simu jana. Ni swali la zamani, na wanazuoni wa Kiislamu walilihangaikia sana.

Tusilijadili hewani. Tulishushe shimoni.

*Nyangalata, 2015*

Wengi mnakumbuka. Tarehe 5 Oktoba 2015, katika machimbo ya Nyangalata, wilaya ya Kahama, mkoa jirani wa Shinyanga, shimo lilititia na wachimbaji wakafunikwa ndani. Siku zikapita. Juu, watu walishakata tamaa. Tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41, watu watano walitolewa wakiwa hai. Siku 41! Walikuwa wamekula mende, vyura na mizizi, na kunywa maji machafu yaliyokuwa yakidondoka kutoka juu. Tanzania nzima ilisema muujiza, na dunia ikaandika.

Lakini chini walikuwa sita. Mmoja alifia humohumo.

Ndugu yangu, simama hapo. Giza lilikuwa moja, maji yalikuwa yaleyale, na bila shaka dua zilikuwa nyingi kutoka kila kifua. Watano wametoka na mmoja hakutoka. Ukiwa shangazi wa mmoja wa wale watano, unasema Mungu ni mkubwa, na ni kweli. Ukiwa mama wa yule wa sita, unasema nini? Jibu lolote tutakalolitoa leo, tulipime kwa huyo mama. Likimpita pembeni, si jibu kamili.

*Jibu la kwanza: mkono wa binadamu*

Suratur-Rum, aya ya 41, inatuambia kwamba ufisadi wa nchi kavu na baharini umetokana na yaliyochumwa na mikono ya watu. Wanafalsafa wanasema hivi: Mungu amempa binadamu hiari, na hiari ya kweli ina maana mtu anaweza kuitumia vibaya. Ukitaka dunia yenye ukarimu wa hiari, kubali kwamba mwingine atachagua uchoyo. Alvin Plantinga wa Marekani aliijenga hoja hii kwa ufundi mwaka 1974, akionyesha kwamba yale mawe matatu yanaweza kukaa pamoja bila kuangushana.

Jibu hili lina uzito. Maovu mengi tunayomtwika Mungu ni yetu sisi. Lakini halifiki kila mahali. Mtoto anayekufa kwa malaria hakuchaguliwa na hiari ya mtu yeyote. Mwamba unaopasuka usiku hauna nia.

*Jibu la pili: mvua ni moja*

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alisema ubaya si kitu kilichoumbwa kikasimama peke yake. Ni upungufu, kama upofu ulivyo kukosekana kwa kuona. Tena kuna vitu vyema ambavyo haviwezi kuwa vyema bila kuleta madhara mahali fulani. Mfano wake ni moto: moto usioweza kuchoma nguo ya mtu mwema si moto tena, na hautaivisha chakula pia.

Sisi tuseme mvua. Mvua inayojaza majaruba ya mpunga ndiyo inayolowanisha kuta za maduara. Hatuna mvua mbili, moja ya shambani na nyingine ya machimboni. Dunia inakwenda kwa kanuni, na bila kanuni hakuna anayeweza kulima wala kuchimba wala hata kujifunza kutokana na kosa.

Ni jibu zuri kwa akili. Kwa mama wa yule wa sita, ni jibu la baridi. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbali zaidi akasema kwamba haiwezekani uwepo ulimwengu bora kuliko huu ulivyopangwa, na wanazuoni wakabishana juu ya kauli yake kwa karne nyingi. Ulaya nako Leibniz alisema jambo la kufanana mwaka 1710. Halafu asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, siku ya sikukuu, watu wakiwa makanisani, tetemeko likauvunja mji wa Lisbon na kuua maelfu. Voltaire akaandika kitabu cha kuwakejeli wanaosema kila kitu kiko sawasawa. Somo tunalolipata: kauli inaweza kuwa na ukweli ndani yake, lakini ikitamkwa juu ya kaburi bichi inageuka kofi.

*Jibu la tatu: fidia, na ndugu watatu*

Mu'tazila wa Basra walisema Mungu ni mwadilifu, kwa hiyo kila aumiaye bila kosa, hata mtoto na hata mnyama, lazima alipwe fidia Akhera. Walipenda sana kupanga hesabu zitimie.

Inasimuliwa kwamba Abul-Hasan al-Ash'ari, alipokuwa mwanafunzi wao, alimuuliza mwalimu wake al-Jubba'i habari za ndugu watatu. Mmoja alikufa mcha Mungu, mmoja alikufa kafiri, mmoja alikufa mtoto mdogo. Hali zao ni zipi? Mwalimu akasema: wa kwanza yuko daraja la juu, wa pili ameangamia, wa tatu amesalimika lakini hana daraja la kaka yake. Akauliza: je, mtoto akisema, Mola wangu, kwa nini hukunipa umri nami nikafanya mema? Mwalimu akajibu: ataambiwa kwamba ilijulikana angekua angeasi, basi kufa mapema kulikuwa na maslahi kwake. Ash'ari akauliza mara ya mwisho: na yule aliyeangamia akipaza sauti, Mola wangu, nami ulijua nitaasi, kwa nini hukunichukua mdogo?

Mwalimu akakosa la kusema.

Sisimulii kisa hiki kuwacheka Mu'tazila. Nakisimulia kwa sababu sote ni Mu'tazila kwenye matanga. Tunasema, "Mungu humchukua anayempenda." Je, waliobaki hapendi? Tunasema, "Wale watano waliokolewa kwa sababu ya sala za mama zao." Je, mama wa yule wa sita hakuomba? Tunasema, "Huenda angeharibika mbeleni." Nani alikuonyesha daftari la Mungu? Kila sababu tunayoitunga ili kumtetea Mwenyezi Mungu inamchoma mtu fulani aliyekaa kwenye mkeka palepale, anatusikiliza. Na Mungu hakutuomba utetezi wa namna hiyo.

Imani yetu ni kwamba malipo ya Akhera yapo, na hakuna chozi linalopotea. Lakini kujua kwamba hesabu ipo ni jambo moja, na kudai umeisoma ni jambo lingine.

*Musa na Khidhr: nani anajua?*

Suratul-Kahf tunaisoma kila Ijumaa. Nabii Musa (a.s.) alifuatana na mja aliyepewa elimu maalumu, ambaye tunamwita Khidhr. Jahazi la maskini likatobolewa. Kijana akauawa. Ukuta katika mji wa watu wachoyo ukajengwa bure. Mara zote tatu Musa alihoji, na mwisho akaelezwa: nyuma ya jahazi kulikuwa na mfalme mporaji, na kadhalika.

Wengi tunakichukua kisa hiki tukajifanya Khidhr. Tunamwendea mfiwa tukisema, "Kuna heri ndani yake, utaiona." Ndugu yangu, wewe si Khidhr. Wewe na mimi tuko upande wa Musa, kama tumebahatika. Na tukumbuke kwamba Musa hakuwa mtu mbaya kwa kushtuka. Kwa elimu aliyokuwa nayo, moyo unaoona jahazi la maskini likitobolewa lazima ushtuke. Kisa kinatufundisha kwamba hekima ipo, na pia kwamba haikuwekwa mikononi mwetu tuigawe kama tende za futari.

Basi hapa ndipo nilipofika kwenye swali la kwanza. Mawe matatu yanaweza kukaa pamoja. Mungu ni muweza, Mungu ni mwenye huruma, na mateso yapo, kwa hekima ambayo tunapewa vipande vyake tu. Kwa nini yeye hasa, siku ile hasa? Sijui, dada yangu. Na yeyote anayekuambia anajua, mwogope.

Hilo linatupeleka kwenye swali la pili.

*"Nani kafanya?"*

Mwaka 1937 mtafiti Mwingereza, E. E. Evans-Pritchard, alitoa kitabu kuhusu Wazande, watu wa mpakani mwa Sudan Kusini ya leo na Kongo. Alieleza jinsi ghala linavyoweza kuwaangukia watu waliokaa kivulini mwake. Wazande si wajinga, wanajua mchwa umekula nguzo. Wanachouliza ni kingine: kwa nini liwaangukie hawa, saa hii? Na hapo wanajibu: uchawi.

Unaliona hilo? Ni swali lilelile la mama wa Nyangalata. Tofauti ni kwamba mtu akishindwa kuvumilia neno "sijui", anatafuta jina la mtu wa kuliweka hapo.

Na jina hilo, huku kwetu, mara nyingi limekuwa la bibi kizee mwenye macho mekundu. Macho yamekuwa mekundu kwa miaka hamsini ya moshi wa kuni akiwapikia watoto wa watu, leo yamekuwa ushahidi dhidi yake. Usukumani wazee wamekatwa mapanga kwa sababu ya ramli. Wenzetu wenye ualbino wamewindwa kwa imani kwamba viungo vyao vinavuta mali na dhahabu. Mwaka 2009 Mahakama Kuu, ikisikiliza kesi mjini Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Haya si ya mbali, ni ya barabara hiihii tunayopita.

Sasa sikiliza mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.). Mwanawe Ibrahim alifariki akiwa mdogo, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema: jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Angekuwa mwongo, au hata mtu wa kawaida mwenye uchungu, angenyamaza. Sifa imekuja yenyewe! Yeye akasimama akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa mtu. Alilia kwa ajili ya mwanawe, lakini hakukubali msiba wake ufanywe fumbo la kupigiwa ramli.

Uchawi Qur'ani imeutaja na kuulaani, sikatai. Lakini mpiga ramli si shahidi, na neno lake halihalalishi hata kumnyima bibi salamu, seuze damu yake. Mjomba, kama unasoma, na najua simu zinapita mkono hadi mkono: bibi huyo hakuwa shimoni.

*"Mungu kapanga"*

Swali la tatu sasa. Kuna neno lingine linalofunika kama "kalogwa" linavyofunika, ila hili limevaa kanzu. Nalo ni "Mungu kapanga", likisemwa na mtu ambaye yeye ndiye hakupanga.

Dada aliponiandikia mara ya pili alisema mdogo wake alilalamika siku chache kabla. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, matimba ya kushikilia kuta yalikuwa yameoza, na walikuwa wameahidiwa mapya. Hayakuja. Wakashuka, kwa sababu asiyeshuka halipwi.

Tunaamini kadari, ni nguzo ya sita ya imani. Lakini tuiamini kama Masahaba walivyoiamini. Umar bin al-Khattab (r.a.) alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika Sargh akapata habari kwamba huko kuna tauni. Akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.), mtu mwema kabisa, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamwambia kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu. Akampigia mfano ambao mchungaji yeyote wa Kisukuma anauelewa: ukiwa na mifugo kwenye bonde, upande mmoja una majani na mwingine mkavu, popote utakapolisha umelisha kwa kadari ya Mungu. Sasa utalisha upande gani?

Subhanallah. Shimo kutitia ni kadari, na timba zima nalo ni kadari. Kuwapandisha watu juu mvua ikizidi ni kadari. Ukuta ukiporomoka juu ya watu uliowashusha bila matimba, usije kwenye matanga na aya. Njoo na toba, na haki za wafiwa, na shimo lifungwe mpaka liwe salama. Mchele ni sadaka nzuri, lakini sadaka haizibi dhuluma.

*Bi Khadija na siku ya leo*

Wapo wanasira wanaoitaja tarehe 10 Ramadhani kuwa siku aliyofariki mama yetu Khadija (r.a.). Mwaka ule aliondoka yeye na Abu Talib, ukaitwa Mwaka wa Huzuni. Mtume (s.a.w.) alizaliwa yatima, akazika mke, akazika watoto wake sita kati ya saba. Fatma peke yake ndiye aliyebaki nyuma yake. Kama mateso yangekuwa alama ya kuchukiwa na Mungu, basi kipenzi chake asingepitia hayo. Nabii Yaqub (a.s.) alilia mpaka macho yakapoteza nuru, na hatukuambiwa kwamba subira yake ilivunjika. Kulia si kukosa imani.

Dada yangu, mdogo wako hakuachwa kwa sababu swala zake hazikufika. Na wale waliotoka hawakutoka kwa sababu ni bora kuliko yeye. Lililo kwa Mola wake tumwachie Mola wake, kwa matumaini makubwa. Yaliyo kwetu tuyashike:

1. Leo kabla ya Magharibi, chukua futari, hata uji tu, umpelekee yule bibi. Nenda mchana watu wakuone. Mimi na mzee mmoja wa msikiti tutakuwa nawe. Habari za mazungumzo ya usiku tumeshamfikishia mwenyekiti wa kitongoji.

2. Walioko machimboni: msishuke kwenye shimo ambalo hamliamini. Semeni kwa pamoja, si mmoja mmoja, na mkipuuzwa fikeni ofisi ya Afisa Madini Mkazi. Kufunga midomo si subira.

3. Wenye maduara: Ramadhani hii, kabla ya kutoa zaka, kagueni matimba.

4. Sisi tunaohani: tupunguze maelezo. Kaa kwenye mkeka, shika mkono, osha vyombo, sema "Inna lillahi", nyamaza. Baada ya siku arobaini, watu wakishatawanyika, rudi tena.

Nilisema tutairudia ile aya. Tumezoea kuitumia kumnyamazisha mwenye uchungu: Mungu haulizwi, basi nyamaza. Lakini inamalizia kwa kutukumbusha kwamba watakaoulizwa ni sisi. Siku hiyo sidhani nitaulizwa kwa nini jiwe lilianguka. Nadhani nitaulizwa nilikuwa wapi lilipokuwa linalegea, na nilisema nini lilipokwisha kuanguka.

*Swali la kujiuliza leo:* Je, kuna mtu ambaye nimewahi kumfunga mdomo kwa kumwambia "Mungu kapanga", ilhali alikuwa anadai haki yake?

*Dua:* Ewe Mola wetu, warehemu waliofukiwa na hawakupata hata wa kuwafumba macho. Watoe salama walioko chini saa hii. Tulinde tusiwe sababu ya msiba wa mtu, wala tusimtupie asiyehusika mzigo wa msiba wetu. Tupe ujasiri wa kusema "sijui" tusipojua, na wa kusema "hapana" panapostahili. Amin.

Kesho in shaa Allah, siku ya 11, tutaingia kumi la maghfira na tutazungumzia kuomba radhi kwa mtu aliye hai kabla ya kumwomba Mungu msamaha. Mtumie posti hii mtu mmoja anayefanya kazi chini ya ardhi.

Ramadhan Kareem. Wassalaam alaykum warahmatullah.